Punje Zisizokubali Kukaa Pamoja

Mwezi Oktoba 2021 Rais wa Burundi, Évariste Ndayishimiye, alikuwa Nala, pembezoni mwa jiji la Dodoma, akiweka jiwe la msingi la kiwanda cha mbolea. Mtu aliyezoea kuisikia Burundi ikitajwa kama nchi inayosubiri mizigo yake kutoka bandari ya Dar es Salaam alikuwa na la kushangaa siku ile. Safari hii Warundi ndio waliokuja na kiwanda, Watanzania wakatoa kiwanja. Kampuni ya Itracom, ambayo ilikwisha kusimamisha kiwanda cha FOMI mjini Bujumbura, ilitangaza kwamba cha Nala kingekuwa na uwezo wa kutoa tani 600,000 za mbolea kwa mwaka.

Mbolea yenyewe haina siri kubwa ya kikemia. Mna samadi na masalia mengine ya mimea na mifugo, mna chumvi za viwandani zenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu, mna chokaa. Kazi kubwa ni kuchanganya. Na kuchanganya vitu vikavu, kazi ambayo mpika maandazi huimaliza kwa mkono mmoja huku akipiga soga, kumewatoa jasho wahandisi na wanahesabu kwa karne nzima, hadi wakaikabidhi kompyuta.

Kwa nini kiwanda cha kwanza kikawa Bujumbura? Jibu liko kwenye vilima vinavyouzunguka mji. Kwa vizazi vingi mkulima wa nyanda za juu za Mugamba au Bututsi alirudishia shamba lake nguvu kwa samadi ya ng'ombe, na aliyekosa ng'ombe alikosa pia ifumbire, yaani mbolea. Wabelgiji walianzisha utafiti wa kilimo kupitia shirika lao la INEAC, na baada ya uhuru wa mwaka 1962 kazi hiyo ikachukuliwa na taasisi ya ISABU. Tatizo la udongo wa nyanda za juu lilijulikana mapema: una asidi kali, na asidi hiyo huifungua aluminiamu iliyomo ardhini, ikaunguza mizizi michanga. Ukiumwagia udongo wa namna hiyo mbolea ya DAP bila chokaa, sehemu kubwa ya fosforasi uliyoinunua kwa fedha za kigeni inashikwa na udongo, mahindi yasiione.

Mbolea hiyo ilikuja kutoka mbali, kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa malori au kwa reli mpaka Kigoma na kuvushwa ziwani. Mwaka 2012 serikali ilianzisha mpango wa taifa wa ruzuku, PNSEB, ambao mkulima analipa kwanza sehemu ya bei na kuagiza anachohitaji kabla ya msimu. Bidhaa zilizopita humo zilikuwa zilezile za dunia nzima, yaani DAP, urea na kloridi ya potasiamu, kila moja kwenye gunia lake. Mwaka 2019 FOMI ikaanza kuzalisha, na orodha ikabadilika: Imbura ya kupandia, Bagara na Totahaza za kukuzia mazao yakishaota. Sasa vyote vimo katika gunia moja, samadi, chumvi na chokaa pamoja.

Hapo ndipo fizikia inapoingia, tena bila kupiga hodi.

Chukua DAP ya punje kubwa, urea ya punje za wastani na chokaa laini kama vumbi. Changanya vizuri, pakia kwenye Fuso, kisha panda barabara ya taifa namba 1 kutoka Bujumbura, karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000. Kila tuta na kila shimo linaitikisa shehena. Punje ndogo zinapata upenyo kati ya kubwa na kuteremka, kubwa zinabaki juu. Mkulima anayechota juu ya gunia na jirani yake anayechota chini yake hawatii mbolea moja, ingawa walilipa bei moja na lebo inasoma jambo moja. Mwaka 1987 wanafizikia wa Marekani waliliiga tukio hilo kwenye kompyuta na kuchapisha makala mashuhuri iliyouliza kwa nini karanga kubwa za Brazili huwa juu ya mkebe. Wahandisi walikuwa wamekwisha kuliona zamani. Yoshitoshi Oyama wa Japani aliandika mwaka 1939 kwamba pipa linalozunguka, chombo kilichobuniwa kwa ajili ya kuchanganya, huzipanga punje za ukubwa tofauti katika mikanda iliyotengana. Mashine ya kuchanganya inachambua!

Dawa ya kiwandani ni kuviunganisha vitu vyote ndani ya punje moja kabla havijafika barabarani. Unga uliochanganywa unalowanishwa kidogo, unafinyangwa kwa kuzungushwa mpaka ushikane, unakaushwa na kuchekechwa. Punje moja ikibeba kila kitu, shimo la barabarani halina cha kutenganisha. Lakini dawa hiyo inasogeza tatizo nyuma hatua moja tu. Kama unga ulioingia kwenye pipa la kufinyanga haukuchanganyika sawasawa, punje zitakuwa imara na zitakuwa na kasoro, na hapo hakuna wa kuirekebisha.

Utajuaje basi kwamba umechanganyika? Jibu la kwanza la maana lilitoka katika Afrika ya Kati.

Pierre Gy, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1924, alitumwa mwaka 1946 katika mgodi wa risasi wa M'Fouati, kwenye Kongo iliyotawaliwa na Ufaransa. Mwaka uliofuata makao makuu ya Paris yalimpa kazi iliyoonekana nyepesi: kukadiria kiasi cha madini katika rundo la tani kama 200,000 za mawe yenye risasi kidogo, yaliyoachwa pale miaka mingi. Ndani ya rundo mlikuwa na kila kitu, kuanzia majabali yasiyoinuka hadi vumbi. Gy alitafuta vitabuni njia ya kuchukua sampuli, akakuta desturi na mazoea, hakukuta nadharia. Akaanza kuitengeneza mwenyewe. Mwaka 1950, akiwa amerudi Ufaransa, aliandika hesabu zake za kwanza za uzito wa chini wa sampuli, na kazi hiyo ikamshika maisha yake yote.

Kiini cha hesabu zake kinaweza kumtisha meneja yeyote wa kiwanda. Uzito wa sampuli unaohitajika hukua kwa kipeo cha tatu cha ukubwa wa punje. Punje zikiwa kubwa mara 2, sampuli lazima iwe nzito mara 8 ili uiamini kiasi kilekile. Na kosa la sampuli si la uzembe. Chukua mchanganyiko uliokamilika kabisa, ambao punje 1 katika kila 100 ni ya chokaa, uchote punje 10,000. Utatarajia 100 za chokaa, lakini bahati peke yake itakupa 90 leo na 110 kesho. Anayechota kijiko na kukipeleka maabara anapima mambo mawili kwa pamoja, ubora wa mchanganyiko na ukubwa wa kijiko chake, na asipojua hesabu hii hawezi kuyatenganisha.

Wakati Gy anahangaika na rundo lake, Waingereza walikuwa wameanza upande mwingine. P. M. C. Lacey aliandika kuhusu mchanganyiko wa chembe mwaka 1943, na mwaka 1954 akatoa makala ambayo bado inafundishwa. Alieleza njia tatu ambazo punje husafiri. Fungu zima linahamishwa na bapa la mashine. Punje mojamoja zinatawanyika kwenye uso uliofunguka. Na tabaka moja linateleza juu ya jingine. Kisha akatoa kipimo cha kuanzia 0, yaani vitu havijagusana, hadi 1, yaani mchanganyiko umefikia ubora wote ambao bahati inauruhusu. Hauwezi kuvuka hapo. Mtu anayedai mchanganyiko wake ni kamili kuliko wa bahati hajauchanganya, ameupanga.

Mwenzake katika historia hii alikuwa na wasifu wa sinema. Peter Danckwerts alikuwa ofisa kijana wa wanamaji mwaka 1940, ndege za Ujerumani zilipoangusha London mabomu makubwa yaliyoning'inia kwenye miavuli. Katika muda wa karibu saa 48 alitegua 16, akapewa nishani ya George Cross. Vita vilipokwisha alikwenda kusoma uhandisi wa kemia katika chuo cha MIT, akarudi Uingereza, katika chuo cha Cambridge, na kuuliza swali ambalo kila mjenzi wa modeli za leo analiwia deni: punje inayoingia kwenye mashine inakaa humo muda gani?

Makala yake ya mwaka 1953 ilijibu kwamba hakuna muda mmoja. Tupia rangi kidogo mlangoni mwa mashine inayotiririsha mzigo bila kusimama, kisha ipime mlangoni pa kutokea. Nyingine inatoka upesi, nyingi inatoka katikati, nyingine inachelewa sana. Mchoro wa muda huo ndio alama ya kidole ya mashine. Ukiwa nao, unaweza kusema kabla ya tukio nini kitatokea kilishio, yaani kifaa kinacholisha mashine malighafi, kikiteleza. Tuseme kilishio cha urea kinazidisha kwa asilimia 20 kwa sekunde 10, na mashine inayochanganya vizuri huushikilia mzigo sekunde 60 kwa wastani. Mlangoni pa kutokea ziada haitafika 20. Itapanda hadi asilimia 3 hivi, kisha itafifia. Hesabu nyingi zilizofuata zimejengwa juu ya ujuzi huu mdogo: mashine ya mfululizo haichanganyi vitu tu, inalainisha makosa ya waliotangulia kwenye mstari. Ila ina kikomo. Kilishio kikizidisha kwa dakika 10, hakuna mashine ya sekunde 60 itakayolificha kosa.

Danckwerts aliangalia mashine kwa nje, milango miwili tu. Aliyeingia ndani alitoka kwenye miamba.

Peter Cundall alikuwa mwanafunzi wa uzamivu Imperial College, London, akishughulika na miteremko ya mawe iliyokatwakatwa na nyufa. Hesabu za siku zile zililichukulia jabali kama kitu kimoja kinachopinda. Yeye aliliona kama umati wa vitalu vinavyosukumana. Mwaka 1971, kwenye mkutano wa Nancy, Ufaransa, alionyesha programu iliyokishughulikia kila kitalu peke yake. Mwaka 1979 yeye na Otto Strack wakachapisha katika jarida la Géotechnique njia hiyo kwa punje za duara, wakailinganisha na majaribio ya Waholanzi waliotumia visahani vinavyoonyesha mistari ya nguvu kwa mwanga. Picha ya kompyuta na picha ya maabara zilifanana.

Njia yenyewe ni ya ukaidi zaidi kuliko ya ujanja. Punje mbili zikigusana, kompyuta inaziruhusu ziingiliane kidogo sana, kisha inahesabu nguvu ya kuzisukuma kando, kama kwamba katikati yao kuna springi. Inaongeza msuguano, inaongeza uzito, inatumia sheria ya Newton kuisogeza kila punje hatua moja, halafu inaanza upya. Hatua ni fupi mno, mara nyingi sehemu chache za milioni za sekunde, kwa sababu punje ngumu hugongana na kuachana upesi. Sekunde moja ya pipa linalozunguka inaweza kuhitaji mamia ya maelfu ya hatua, na katika kila hatua kila punje inaulizwa imegusana na nani.

Kwa nchi kama Burundi habari hii ina upande mzuri na upande mgumu, na zote mbili zimo kwenye ukubwa wa punje. Gunia la kilo 50 la mbolea yenye punje za milimita 3 lina punje kama milioni 2. Hizo kompyuta moja nzuri yenye kadi ya michoro inazimudu. Gunia la kilo 50 la unga wenye chembe za sehemu ya kumi ya milimita lina chembe zinazokaribia bilioni 60, na hapo hata mashine za mamilioni ya dola zinasalimu amri. Ndiyo maana wahandisi wa unga wanafanya udanganyifu uliokubalika. Wanakuza chembe na kurekebisha msuguano ili umati wa chembe kubwa utembee kama umati wa ndogo. Au wanaichonga mashine katika vyumba vya kufikirika na kuhesabu uwezekano wa chembe kuhama chumba kimoja hadi kingine, kwa minyororo ya Markov, njia ambayo Wajapani walianza kuitumia kwa unga tangu miaka ya 1960. Siku hizi njia hizi huoanishwa: Cundall kwa sekunde chache ili kupata namba za kuhama, Markov kwa saa zinazobaki.

Wakati hesabu hizi zinakua Ulaya na Japani, mahitaji yalikuwa yanakomaa upande wa pili wa mto Ruzizi. Bukavu, mwendo wa saa chache kutoka Bujumbura kwa kupitia Uvira, kuna kiwanda cha Pharmakina, kilichojulikana kwa kwinini inayotokana na magome ya msinkona. Kwa muda mrefu kilikuwa mali ya kampuni ya Kijerumani. Mwaka 1999 mameneja wake wawili wakakinunua, vita vikiwa vinaendelea. Alifika huko Krisana Kraisintu, mfamasia wa Thailand ambaye nchini kwake aliongoza utengenezaji wa kidonge kimoja chenye dawa tatu za kupunguza makali ya VVU. Mwaka 2005 Pharmakina ikatoa kidonge chake, Afri-vir, kwa msaada wa shirika la Ujerumani la GTZ. Baadaye, mwaka 2009, Krisana alipewa tuzo ya Ramon Magsaysay kwa kazi yake ya dawa Asia na Afrika.

Mafanikio hayo husimuliwa kama habari ya ujasiri, na ni ya ujasiri kweli. Mara chache husimuliwa kama habari ya unga. Katika vidonge vya dawa tatu vya miaka ile, nevirapini ilikuwa miligramu 200, lamivudini 150, na stavudini 30 au 40. Dawa ndogo kuliko zote ndiyo iliyokuwa na madhara makali kwa mishipa ya fahamu, na ndiyo ambayo WHO ilishauri mwaka 2009 iachwe pole pole. Kidonge kilichopata stavudini nyingi kupita kiasi kinamdhuru mgonjwa, kilichopungukiwa kinawafundisha virusi usugu. Kanuni za dawa zinadai vidonge 10 vipimwe kimoja kimoja kabla ya mkupuo mzima kuruhusiwa. Vidonge 10 kati ya mamia ya maelfu! Msomaji wa Gy anajua hapo pana imani kubwa kuliko hesabu, na kwamba kinachomlinda mgonjwa hasa ni nidhamu ya mstari mzima, kuanzia kupima hadi kufunga.

Utaratibu wa dawa ulikuwa, na kwa sehemu kubwa bado ni, wa mikupuo. Unajaza pipa, unazungusha dakika ulizoambiwa, unasimamisha, unachota sampuli, unaendelea. Mkupuo mbaya unatupwa wote au unarudiwa, na kosa linajulikana limeanzia wapi na kuishia wapi. Mashine ya kusagia ya mtaani haina anasa hiyo. Ukipita Buyenzi au Kamenge mjini Bujumbura, Manzese ya Dar es Salaam au Kibera ya Nairobi, mashine haijui mikupuo: mahindi yanaingia juu, unga unatoka chini, wateja wamepanga foleni na ndoo. Huo ni uzalishaji wa mfululizo, na Afrika Mashariki ilikuwa nao muda mrefu kabla kampuni kubwa za dawa hazijaamua kuuita mapinduzi.

Sheria za kurutubisha unga ndizo zilizoleta tatizo la kuchanganya kwenye mashine hizo. Kenya iliufanya urutubishaji wa unga wa ngano na wa mahindi kuwa lazima mwaka 2012. Burundi ikafuata kwa amri yake mwaka 2015. Wenye vinu vikubwa walinunua vilishio na kuendelea. Lakini wakulima na maskini wa mjini wanasaga kwenye vinu vidogo, na virutubishi vinavyotakiwa ni gramu mia chache tu kwa tani nzima ya unga. Kijiko cha mkono hakiwezi. Shirika la Sanku, lenye shughuli zake kubwa Tanzania, lilitengeneza kifaa kinachofungwa kwenye mashine ndogo, kinachopima unga unavyopita na kudondosha virutubishi kwa uwiano. Kuanzia mwaka 2017, kwa ushirikiano na Vodafone, vifaa hivyo vikawekewa laini ya simu ili ofisi ione kwa mbali kama vinafanya kazi au vimeisha virutubishi. Gharama za virutubishi zikafidiwa kwa njia ya werevu wa kibiashara: shirika linanunua mifuko ya unga kwa jumla, kwa bei nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayolipa. Mwaka huohuo wa 2017, Kigali ikafunguliwa Africa Improved Foods, kiwanda kikubwa cha unga wa uji ulioongezwa virutubishi kwa ajili ya watoto na wajawazito.

Ukikitazama kifaa cha Sanku kwa macho ya Danckwerts, unaona jambo ambalo wauzaji wa mashine kubwa hawalisemi sana. Kwa kuwa unga unapita upesi na hakuna pipa la kuushikilia, hakuna wa kulainisha makosa. Usahihi wote unabebwa na kilishio. Mwenye pipa kubwa anaweza kununua kilishio hafifu; mwenye kinu kidogo anahitaji kilicho bora. Masikini hapa analazimika kuwa makini zaidi ya tajiri, na namba ndizo zinazosema hivyo.

Kampuni za dawa zilichelewa kufika kwenye mfululizo, lakini zilipofika zilikuja na kompyuta. Mwaka 2006 kituo cha utafiti wa mifumo ya punje na unga kilianzishwa Rutgers, New Jersey, chini ya Fernando Muzzio, kwa fedha za mfuko wa sayansi wa Marekani na michango ya viwanda. Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha Orkambi ya kampuni ya Vertex, iliyotengenezwa kwa mfululizo tangu mwanzo. Aprili 2016 ikairuhusu Janssen kuhamisha Prezista, dawa ya VVU ambayo kiini chake ni darunavir, kutoka mikupuo hadi mstari wa mfululizo uliopo Gurabo, Puerto Rico. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mamlaka ya dawa ya Marekani kukubali uhamisho wa namna hiyo kwa dawa iliyokwisha kuwa sokoni.

Katika mstari kama wa Gurabo, modeli haikai kwenye kompyuta ya mhandisi ikisubiri kutazamwa. Inafanya uamuzi. Kifaa cha mwanga wa infraredi kinasoma unga unaopita. Kikigundua dawa imezidi, mchoro wa Danckwerts unaieleza mitambo ni vidonge gani, vilivyopita sekunde ngapi zilizopita, vitupwe, na ni vipi viachwe. Kiwanda kinatupa kilo chache badala ya mkupuo mzima. Novemba 2022 mamlaka za dawa za dunia, kupitia baraza la ICH, zikapitisha mwongozo wa Q13 wa uzalishaji wa mfululizo, na muda wa kukaa ndani ya mashine, swali la mwaka 1953 la yule mtegua mabomu, umo ndani yake kama jambo ambalo mtengenezaji lazima alijue.

Kiwanda cha mbolea hakidaiwi ukali wa namna hiyo, na hakihitaji. Lakini kina tabia zote za mstari wa mfululizo: mikanda, vilishio vya kupima uzito, skrubu, pipa la kufinyanga, kikaushio. Na kina shida moja ambayo Gurabo haina, nayo ni samadi. Urea ni ileile popote inakonunuliwa, punje zake mviringo na laini, zenye asilimia 46 ya nitrojeni, na namba zake za msuguano zinapatikana vitabuni. Samadi iliyokaushwa haina umbo wala unyevu wa kudumu. Ile inayokusanywa kiangazi na ile inayokusanywa mvua za masika zikinyesha ni vitu viwili kwa mujibu wa kompyuta. Punje kavu zinateleza. Zenye unyevu zinashikana kwa vijidaraja vya maji, na nguvu hiyo ya kushikana inaweza kuushinda uzito wa punje yenyewe. Urea nayo hunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya kando ya ziwa Tanganyika haina ukame.

Programu za kuigiza haya zipo bure. LIGGGHTS ilitokea Linz, Austria, ikijengwa juu ya LAMMPS ya maabara za Sandia za Marekani. Yade ina mizizi yake Grenoble. Kinachokosekana kwenye programu hizo ni namba za mahali, na namba hizo hazipakuliwi. Njia ya kuzipata ni ya mikono. Unaweka samadi kwenye silinda isiyo na kitako, unaiinua taratibu juu ya ubao, rundo linabaki, unapima pembe ya mteremko wake. Kisha unamwaga samadi ya kwenye kompyuta kwa namna hiyohiyo, unabadilisha msuguano na mshikamano mpaka marundo mawili yalingane. Rundo moja halitoshi, kwa sababu namba mbalimbali zinaweza kutoa pembe moja. Inabidi kuongeza jaribio la pipa dogo linalozunguka au la kisanduku cha kukata, na kurudia kila unyevu unapobadilika. Silinda, ubao, mizani na tanuri la kukaushia vinatosha kuanzia. Samadi ya msimu wa kwanza wa kilimo inapimwa Septemba, ya msimu wa pili Februari, na jedwali la namba linajazwa safu kwa safu kabla hata bapa moja la kiwanda halijahamishwa kwenye kioo cha kompyuta.